Kabla hujavuta upinde: vidole viwe wapi kwenye upote?

Mtu akipata upinde wake wa kwanza wa jadi, huuliza maswali kumi kuhusu mbao, uzito wa kuvuta na manyoya ya mshale. Kuhusu vidole haulizi. Anaukamata upote, yaani kamba ya upinde, kama anayebeba ndoo, anavuta, na baada ya wiki tatu ananijia na kidole cha pete kilichokufa ganzi akilalamika kwamba upinde una kasoro. Upinde hauna kasoro.

Ushikaji uliozoeleka zaidi ni ule uitwao wa Mediterania: kidole cha shahada juu ya mshale, cha kati na cha pete chini yake. Mmarekani Edward Morse aliuorodhesha kwa jina hilo mwaka 1885, alipochapisha uchunguzi wake wa namna watu wa mataifa mbalimbali wanavyouachia mshale. Katika orodha yake, ushikaji wa mwanzo kabisa ni kuubana mkia wa mshale kati ya gumba na shahada, jambo ambalo mtoto akipewa upinde wa fito hulifanya bila kufundishwa. Kwa upinde mwepesi unatosha. Upinde ukiwa mzito, mshale unachomoka kabla hujaamua.

Wengi wetu tunachagua kati ya namna mbili tu: hiyo ya Mediterania, na ile ya kuviweka vidole vyote vitatu chini ya mshale. Mabishano juu yake hayana mwisho, na mara nyingi watu wanabishania vidole wakati jambo lenyewe liko kwenye jicho. Mimi humuuliza mtu kwanza: unalengaje?

Chukua mkono unaotua pembeni mwa mdomo, shahada ikigusa palepale kila mara. Kwa Mediterania, mshale unakaa chini ya shahada. Kwa vidole vitatu chini, mshale unakaa juu yake, kwa hiyo mkia umesogea karibu na jicho kwa unene wa kidole, tuseme sentimita 2. Zinaonekana kidogo. Lakini kama mshale una urefu wa sentimita 70 na wewe unaelekeza ncha palepale ulipokuwa ukiielekeza, basi kwa shabaha iliyo mita 20 mshale utapiga chini zaidi kwa takriban sentimita 57. Nusu mita na ushei, kwa kuhamisha kidole kimoja!

Ndiyo maana anayelenga kwa kuitazama ncha ya mshale hufurahia vidole vitatu chini. Kwa masafa ya karibu haimlazimu kuishusha ncha mbali chini ya shabaha. Pengo linakuwa dogo na kulikadiria ni rahisi. Anayepiga mbali hupoteza kitu hapo, kwani umbali ambao ncha inaelekezwa kwenye shabaha yenyewe unapungua, na ukiuvuka inabidi uelekeze ncha hewani. Na yule asiyeitazama ncha kabisa, anayekaza macho kwenye shabaha na kuuachia mwili ufanye hesabu, anaweza kutumia namna yoyote. Wengi wa aina hiyo niliowaona wametulia na Mediterania, nami sioni sababu ya kuwahamisha.

Sasa gharama ya vidole vitatu chini, ambayo wauzaji huisahau. Upinde una bawa la juu na bawa la chini, yaani sehemu mbili zinazopinda ukivuta, na fundi huyasawazisha kwa kufikiria vidole vitavuta wapi. Ukivishusha vyote chini ya mshale, mvuto unashuka pia na mabawa hayarudi tena kwa pamoja kama alivyokusudia. Matokeo yake utayasikia kabla hujayaona: upinde uliokuwa kimya unaanza kupiga kelele, na mshale unaruka ukitikisa mkia juu na chini. Mara nyingi dawa ni kupandisha kidogo alama ya kupachikia mshale kwenye upote, milimita moja au mbili kwa wakati, na kuongeza alama ya pili chini ya mkia ili mshale usiteleze kuelekea vidoleni. Kama unaagiza upinde kwa fundi, mwambie mapema unavyoshika.

Urefu wa upinde nao una kauli. Upinde mfupi ukivutwa kikamilifu, upote unakunjika kwa pembe kali na kuvibana vidole. Katika Mediterania, shahada na cha kati vinaubana mkia wa mshale katikati yao, na mshale unanyanyuka kutoka pale ulipolazwa. Vidole vitatu chini huondoa bano hilo la mkia, ila cha pete bado kinaumia. Wapiga mishale waliopanda farasi huko Asia, wenye pinde fupi, walilimaliza tatizo kwa kuvuta kwa gumba lililofungwa na shahada, mara nyingi likiwa limevikwa pete ya pembe, mfupa au jiwe. Upote unagusa mahali pamoja tu. Lakini ukivuta kwa gumba la mkono wa kulia, mshale unahamia upande wa kulia wa upinde, kwa hiyo usijaribu na upinde uliochongewa kilalio, pale mshale unapolala, upande wa kushoto.

Lililo muhimu zaidi kwangu, hata hivyo, ni kina cha ndoano, yaani vidole vilivyokunjwa kuushika upote. Wanaoanza hushika upote kwa ncha za vidole wakidhani wataachia kwa wepesi. Kinyume chake: ncha zinakakamaa zisiponyokwe, mgongo wa kiganja unavimba, na mshale unasukumwa pembeni. Laza upote kwenye mkunjo wa kwanza wa vidole, au nyuma yake kidogo, uache kiganja kilale bapa kama hakina kazi. Cha kati kibebe zaidi, shahada ifuate, cha pete kisaidie tu. Ndoano ya kina huonekana kama itachelewa kuachia, ila vidole vikilegea upote wenyewe unavisukuma njiani.

Kuna wanaovuta kwa vidole viwili pekee. Unaachia safi, sikatai, lakini uzito wote unagawanywa kwa viwili, na ganzi ikidumu hadi kesho yake unapaswa kupumzika na kupunguza uzito wa upinde, siyo kununua ngozi nene zaidi ya kukinga vidole.

Ukitaka kujaribu namna mpya, simama mita 4 au 5 kutoka kwenye gunia la kupigia lisilo na alama yoyote, na usilenge. Sikiliza sauti ya upinde na utazame mkia wa mshale ulivyoingia. Mkia ukiinukia juu au kuinamia chini vilevile mshale baada ya mshale, rekebisha alama ya upote kabla hujarekebisha vidole.