Si moto unaolegeza bati

Mwambie fundi bati wa jua kali hapa Mombasa kwamba bati likitikiswa kwa mawimbi ya sauti hukunjika kwa nguvu kidogo, atakujibu: "Basi limepata moto." Hapana. Joto lipo, ila si hilo kiini. Kalibu, kifaa kinachobana bati hadi lipate umbo, hutikisika kama mara 20,000 kwa sekunde, kwa maikromita chache tu. Unywele ni mnene kuliko hapo. Msuguano hupungua, na kasoro ndogondogo ndani ya fuwele za metali huteleza kwa urahisi. Watafiti Blaha na Langenecker waliliona hilo mwaka 1955 wakivuta zinki: mtikisiko ukiwashwa, nguvu inayohitajika hushuka papo hapo, ukizimwa, hupanda tena. Metali iliyopashwa moto ingepoa taratibu. Ila kutikisa kalibu kubwa, ya mlango wa gari tuseme, bado ni kibarua.