Manowari Moja ya Kila Kazi? Sahau

Kila picha ya manowari ya kubeba ndege inapozunguka mitandaoni, nami huulizwa: kwa nini wasiunde meli moja kubwa, wakaijaza silaha zote, mambo yakaisha? Jamani. Silaha hazijawahi kuwa tatizo. Tatizo ni bodi, yaani kiunzi cha meli chenyewe.

Chukua kusaka nyambizi. Nyambizi haionekani, husikika. Kwa hiyo anayeisaka sharti anyamaze kwanza. Frigeti (manowari za ukubwa wa kati) za aina ya Type 23 za Uingereza, zinaposikiliza, husukumwa na mota za umeme, na jenereta mbili kati ya nne zimewekwa juu ya usawa wa maji ili mtetemo usipenye baharini. Nyuma huburuta sona, kifaa cha kusikiliza chini ya maji, kwa kebo ndefu, polepole. Kaza mwendo uone: rafadha inaanza kutoa mapovu, yanapasuka kwa kelele, na sona yako inabaki kukusikiliza wewe mwenyewe. Sasa meli hiyo itafuatanaje na ya kubeba ndege, ambayo hukimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa? Ipe vifaa vyote ulimwenguni, bado haitakimbia na kunyamaza kwa wakati mmoja. Hapo ndipo wabishi wangu huhamia mada nyingine.

Ulinzi wa anga sina haja ya kuuchambua: rada nzito, juu kadiri inavyowezekana, kwenye bodi pana lisiloyumba ovyo. Ndiyo destroya, manowari kubwa kuliko frigeti.

Mabomu ya kutegwa majini ni kinyume chake. Mengine huhisi sumaku ya chuma, ndiyo maana meli za kuyatafuta zimeundwa miaka mingi kwa mbao au fibaglasi. Nani atapandisha rada ya destroya juu ya kijimeli cha fibaglasi?

Marekani ilijaribu njia ya mkato kwa LCS, manowari zake za kupigana karibu na pwani: bodi moja, vifaa vya kubadilishana kulingana na kazi. Mwaka 2016 iliachana na kubadilishana huko, kila meli ikapangiwa kazi moja.

Lakini kuna jambo linaloninyima raha. Ubelgiji na Uholanzi zinaunda meli mpya za kutafuta mabomu, na ni za chuma. Meli hukaa mbali, vyombo visivyo na watu ndivyo vinavyoingia penye hatari. Hapo hoja yangu ya bodi inalegea, na sijui italegea hadi wapi. Kwa nyambizi, bado naishikilia.