Je, wajua bakteria anaweza kuwa sugu kwa dawa ambayo hajawahi kukutana nayo?

Wengi tunajua usugu kwa njia moja tu, yaani dawa inaua bakteria dhaifu, wale wabishi wanabaki na kuzaana. Hiyo ipo kweli, ila hospitalini kuna njia ya haraka zaidi na ndo inayonitisha mimi: bakteria wanapeana jeni za usugu, hata kama sio wa aina moja.

Japani waliliona hili miaka ya 1950. Wagonjwa wa kuhara damu walikuwa na bakteria wa Shigella, wanaoleta ugonjwa huo, wasiosikia dawa za salfa, wala streptomaisini, wala kloramfeniko, wala tetrasaiklini, zote nne kwa mpigo, na ukipima choo cha mgonjwa huyohuyo unakuta E. coli wa kawaida wa tumboni nao wamekuwa sugu kwa dawa zilezile! Sasa hiyo haiwezi kuwa bahati tu. Mwaka 1959 watafiti wa hukohuko, akiwemo Kunitaro Ochiai, wakachanganya bakteria sugu na wasio sugu wakaona kweli usugu unahama.

Kinachohama ni plazimidi, kiduara kidogo cha DNA kinachokaa nje ya kromosomu, yaani DNA kuu ya bakteria. Bakteria anatoa kama kinywele hivi, anamvuta mwenzake karibu, ananakili plazimidi na kumpa nakala huku yake anabaki nayo. Na jeni kadhaa zinaweza kukaa kwenye plazimidi moja, kwahiyo ukitumia dawa moja tu unazilinda zote, hata za dawa ambazo mgonjwa hajawahi kupewa.

Mwaka 2008 Uswidi kuna mgonjwa aliyewahi kulazwa New Delhi, mkojo wake ukakutwa na bakteria aitwaye Klebsiella mwenye jeni ambayo haikuwa inajulikana, ikaitwa NDM-1. Jeni hii inatengeneza kimeng'enya kinachovunja hata kabapenemu, dawa ambazo madaktari huziweka akiba kwa wagonjwa mahututi. Wakapima na choo chake, jeni ileile ipo kwa E. coli pia, yaleyale ya Japani.

Ndo maana hospitali nyingi siku hizi mtu akitoka kulazwa sehemu yenye usugu mkubwa anachukuliwa sampuli ya njia ya haja kubwa hata kama haumwi tumbo, maabara inatafuta jeni yenyewe kwa PCR, kipimo kinachozidisha DNA ili ionekane, sababu bakteria asiye na madhara yoyote tumboni mwake anaweza kumpa jeni hiyo yule atakayemuua jirani yake wodini.