Kampuni ya meli ikiishinda serikali ya Marekani, imeshinda nini?

Dhana iliyoenea kati ya waagizaji mizigo ni hii: mahakama ikitengua uamuzi wa wakala wa serikali, basi kampuni za meli zina ruhusa ya kutoza zitakavyo. Sivyo.

Chukua kesi ya kampuni ya meli ya Evergreen. Mei 2020, bandari ya Savannah nchini Marekani ilifungwa siku tatu mfululizo, Jumamosi hadi Jumatatu ya sikukuu. Kampuni ya malori ya TCW ilikuwa bado na kontena, na muda wa bure, yaani siku za kukaa nalo bila tozo, umekwisha. Evergreen ikaitoza kwa kuchelewesha kontena siku zote hizo: dola 510. Tume ya Shirikisho ya Usafiri wa Baharini ya Marekani, FMC, ikaona tozo hiyo si halali, kwani kontena lisingeweza kupokelewa.

Mwaka 2024 Mahakama ya Rufaa jijini Washington ikautengua uamuzi huo. Lakini majaji hawakuibariki tozo. Evergreen ilidai kwamba tozo ya siku za kufungwa humhimiza mteja arudishe kontena mapema, na tume haikuijibu hoja hiyo ipasavyo. Faili likarudi kwa tume ifikirie upya. Kosa lilikuwa kwenye sababu zilizotolewa. Kama TCW ilistahili kulipa, hilo lilibaki wazi.

Wengine hudhani hizi ni kesi za mashahidi na vielelezo vipya. Hakuna. Uamuzi wa FMC hupingwa moja kwa moja mahakama ya rufaa, ndani ya siku 60, na majaji watatu husoma kumbukumbu zilezile za tume.

Halafu kuna wanaoamini kanuni ikiguswa imekufa yote. Mwaka 2025 World Shipping Council, chama cha kampuni kubwa za meli, kilishinda dhidi ya kanuni ya FMC ya 2024 kuhusu ankara za tozo kama hizi za kuchelewesha kontena. Kilichofutwa ni kifungu cha nani atumiwe ankara: kilizuia kumtoza hata mwenye lori aliyesaini mkataba na kampuni ya meli, huku kikiruhusu kumtoza mpokeaji mzigo asiye na mkataba wowote. Kwa kweli, hapo tume ilijikwaa yenyewe. Mengine yamebaki, ikiwemo siku 30 za kutoa ankara. Ikichelewa, aliyetozwa halazimiki kulipa.