Je, wajua kwa nini karanga za sukari mbadala hazigeuki kahawia hata ukiongeza moto?

Watu walioamua kupunguza wanga, hasa wenye kisukari na walioingia kwenye keto, ule ulaji wa wanga kidogo sana, wanauliza sana hili swali. Mtu kapika karanga kama zile za sukari zinazouzwa stendi, tofauti ni kwamba kaweka sukari mbadala iitwayo erithritoli, sasa mbona zimetoka nyeupe pe, na mbona akitafuna ulimi unapata baridi? Jibu analopewa karibu kila mahali, kwa jirani, kwa fundi keki, kwa shangazi, ni kwamba moto ulikuwa mdogo, ongeza moto, koroga zaidi, itakolea tu. Hapana, haikolei. Unaweza kukaa jikoni mpaka gesi ikaisha na bado itakuwa nyeupe, na sababu yake ni tamu kuliko hizo karanga zenyewe.

Kwanza la wanga tulimalize haraka. Karanga haina shida kubwa, gramu 100 zina wanga kama gramu 16, na karibu nusu ya huo ni nyuzinyuzi ambazo mwili hauzigeuzi kuwa sukari. Korosho ndo ina wanga mwingi zaidi, kama gramu 30 na nyuzinyuzi kidogo sana, kwa hiyo anayehesabu kwelikweli abaki na karanga, na kwa sisi wa Dodoma hilo si gumu, karanga zinalimwa hapahapa mkoani. Tatizo liko kwenye sukari. Mapishi ya kawaida ni vikombe viwili vya karanga kwa kimoja cha sukari, na hicho kikombe kimoja ni kama gramu 200 za wanga mtupu. Asali nayo, hata iwe ile nzuri ya Manyoni, asilimia 80 hivi ni sukari. Karanga za mayai ndo usiziguse kabisa, mle kuna na unga wa ngano.

Sasa turudi kwenye moto, maana hapa ndo watu wanapotea na ukiangalia vizuri unaelewa kwa nini. Ukipika na sukari ya kawaida unaweka sukari, maji kidogo na karanga, inachemka, povu linazidi kuwa zito, unakoroga, halafu ghafla maji yanaisha na sukari inakauka juu ya karanga, chembechembe nyeupe za kukwaruza. Mgeni wa jambo hili hushtuka akidhani kaharibu. Mzoefu yeye anaendelea kukoroga tu, na baada ya dakika kadhaa zile chembe zinaanza kuyeyuka tena kuanzia chini ya sufuria, safari hii bila maji, zinapata rangi ya dhahabu, kisha kahawia, na harufu inatoka mpaka barazani. Kwa hiyo kwenye sukari kuna weupe kwanza na kahawia baadae, na aliyezoea hivyo akiona weupe anajua bado, anasubiri. Kwenye sukari mbadala anasubiri kitu ambacho hakiji.

Sukari mbadala ninayoizungumzia hapa ni erithritoli, ambayo mara nyingi inauzwa ikiwa imechanganywa na stevia (kikoleza utamu cha majani) kidogo kuongeza utamu, kwa sababu yenyewe peke yake utamu wake ni kama asilimia 60 hadi 70 ya sukari. Hii inayeyuka kwenye nyuzijoto 121 hivi za Selsiasi, wakati sukari ya kawaida inayeyuka karibu na 186. Yani moto ulishatosha zamani. Inayeyuka mapema, inakuwa kimiminika safi kisicho na rangi, na inabaki hivyohivyo. Ukiona ukahawia unaanza kujitokeza hebu nusa, hizo ni karanga zinaungua, na ukizionja utakuta chungu.

Kwa nini haibadiliki? Sukari ya kawaida ikipata joto kali inavunjika kuwa glukosi na fruktosi, na hizi kwenye muundo wake zina sehemu moja ambapo kaboni imeshikana na oksijeni kwa bondi mbili, yani vishikio viwili. Hapo ndo mlango. Vipande vinapoteza maji, vinavunjika zaidi, vinaungana upya, mwisho unapata mamia ya vitu vipya vyenye rangi, harufu na uchungu mtamu, na huo mchanganyiko ndo karameli. Erithritoli iko kwenye kundi la alkoholi za sukari (haileweshi, usiogope), na ule mlango haina, kaboni zake zote nne kila moja imebeba oksijeni kwa bondi moja tu. Kwa joto la jikoni hakuna pa kuanzia.

Halafu kuna kurudi kuwa nyeupe ikipoa, na hili mimi ndo linanifurahisha zaidi. Fikiria wanafunzi kengele ya asubuhi ikigongwa. Kama wote ni wa darasa moja, kimo kimoja, mistari inanyooka ndani ya dakika moja. Lakini changanya wa chekechea, wa darasa la saba, walimu, wazazi waliokuja na watoto mgongoni, halafu waambie wana sekunde tano tu, hapo kila mtu atagandia alipo. Erithritoli ni wale wa kimo kimoja, molekuli zake ni ndogo na zinafanana zote, kwa hiyo ikipoa tu zinajipanga mistari na mistari, na hiyo mistari ndo chembe ngumu zinazorudisha mwanga huku na huku ukaona weupe. Karameli ni ule umati mchanganyiko, hauwezi kujipanga, unaganda ukiwa umechanganyika na unapata kile kigamba cha kung'aa kinachopitisha mwanga kama kioo.

Ukishaelewa hapo, dawa inajionyesha yenyewe: vuruga mistari. Kuna sukari mbadala nyingine inaitwa alulosi, ukiipata changanya nusu kwa nusu na erithritoli. Ina ule mlango, kwa hiyo inapata rangi kweli, tena haraka kuliko sukari ya kawaida, na hapo ndo moto uwe mdogo. Huna alulosi, basi tafuta rangi kwingine. Kijiko kimoja cha chai cha maziwa ya unga kina sukari ya maziwa kama gramu moja tu, ila hiyo ikikutana na protini kwenye joto inatoa ukahawia na harufu ya kuoka, na kwenye vikombe viwili vya karanga gramu moja haivurugi hesabu ya mtu.

Mimi napendekeza hivi: vikombe viwili vya karanga zilizokwisha kukaangwa, gramu 120 za erithritoli uliyoisaga ikawa laini, vijiko vitatu vya maji, chumvi, mdalasini na siagi kidogo. Chemsha vyote bila karanga mpaka povu liwe zito, ndo umwage karanga, koroga bila kuacha, ukiona zimeanza kukauka nyunyizia yale maziwa ya unga, geuzageuza dakika moja, ipua. Mimina kwenye sinia zitengane zikiwa bado za moto. Usisubiri zaidi ya hapo.

Ule ubaridi mdomoni ni kweli, haukudanganyi. Mnanaa unadanganya, unagusa neva zinazohisi baridi wakati joto halijabadilika. Erithritoli ili iyeyuke kwenye mate inahitaji joto, inalivuta kutoka kwenye ulimi, na inavuta takriban mara kumi ya inachovuta sukari ya kawaida kwa uzito uleule. Ndo maana ukiiweka kwenye chai husikii chochote, imeshayeyuka na joto limetoka kwenye chai. Kuisaga laini hakuondoi hili ila kunapunguza ukwaruzo, na mdalasini au tangawizi vinauficha vizuri.

Faida moja ya kweli ni kwamba erithritoli haivuti unyevu hewani. Karanga za karameli ukizipeleka Dar wiki moja tu zinanata, hizi zinabaki kavu. Zenye alulosi hazina hiyo bahati, ingawa kwa Dodoma, kiangazi kuanzia Mei hadi Novemba, hewa yetu kavu inazisaidia.

Kuhusu usalama, mwaka 2023 jarida la Nature Medicine lilitoa utafiti ulioongozwa na Cleveland Clinic ya Marekani, ukakuta watu wenye erithritoli nyingi kwenye damu walipata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi. Hapa twende taratibu, kwa sababu mwili wenyewe unatengeneza erithritoli, na wengi waliopimwa walikuwa tayari na matatizo ya moyo au hatari ya kuyapata, kwa hiyo kipi kilitangulia haijathibitika. Ila katika utafiti huohuo watu 8 wenye afya walikunywa gramu 30, na kiwango kwenye damu kikabaki juu zaidi ya siku mbili. Kiganja kimoja cha karanga hizi kina kama gramu 11. Mwenye ugonjwa wa moyo aongee na daktari wake kabla ya kuzifanya za kila siku. Na kama pakti yako imeandikwa zilitoli (nayo ni sukari mbadala) badala ya erithritoli, mbwa wa nyumbani asionje kabisa, kwake ni sumu inayoua.

La mwisho lifanye kabla hujawasha jiko. Karanga zina hatari ya sumukuvu, yani sumu inayotengenezwa na ukungu, na sisi wa kanda hii mwaka 2016 tulishapoteza watu Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Kukaanga nyumbani hakuiondoi yote, na ukishapaka sukari ya aina yoyote karanga mbovu huioni tena. Zimwage kwenye ungo mchana kweupe, toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu na zilizopasuka, halafu tafuna moja mbili, ukisikia uchungu tema na hizo zote usipike.