Je, wajua? Waraka maarufu wa Pinto haukuihusu Pinto

Ni nadra mwanafunzi wa maadili ya biashara kumaliza chuo bila kukutana na Ford Pinto, gari dogo la Marekani la miaka ya 1970 ambalo tangi lake la mafuta liliweza kupasuka na kuwaka likigongwa kwa nyuma. Simulizi ya darasani ni hii: Ford walipiga hesabu, wakaona roho ya mtu, dola 200,000, ni nafuu kuliko marekebisho ya dola 11 kwa gari, wakaacha watu waungue.

Hesabu ipo kweli, ila watu huinukuu bila kuisoma. Waraka huo wa 1973 uliandikwa kwa ajili ya mamlaka ya serikali ya usalama barabarani, kupinga kanuni iliyopendekezwa. Ulizungumzia mafuta kuvuja gari likipinduka, si likigongwa nyuma, tena kwa magari milioni 12.5 ya kampuni zote nchini. Hata ile bei ya roho ilitokana na makadirio ya mamlaka hiyo hiyo! Profesa wa sheria Gary Schwartz aliyachambua haya mwaka 1991. Hilo haliwasafishi Ford: majaribio yao wenyewe yalishaonyesha udhaifu wa tangi, na mwaka 1978 walilazimika kuyaita magari yapatayo milioni 1.5 yarudishwe kurekebishwa.

Kwa nini hawakuyaita mapema? Hapa ndipo kisa kinaponoga. Dennis Gioia, aliyekuwa mratibu wa kuita magari yenye kasoro pale Ford, baadaye alikuwa profesa, na mwaka 1992 akaeleza kwa nini yeye mwenyewe alipiga kura ya kutoiita Pinto.

Mfikirie mwalimu mwenye rundo la karatasi za mtihani na mwongozo wa kusahihishia. Jibu likilingana, vema. Lisipolingana, sifuri, karatasi inayofuata. Mwanafunzi akiandika katikati ya insha kwamba nyumbani anapigwa, mwalimu aliyechoka atakata mstari tu: mwongozo haukuwa na alama za hilo. Mwongozo wa Gioia ulidai ajali nyingi zenye chanzo kimoja kinachojulikana. Taarifa za Pinto zilikuwa chache, zikapita bila kushughulikiwa.

Haya ni maelezo ya mtu kuhusu nafsi yake, miaka mingi baadaye, kwa hiyo yapokelewe kwa tahadhari. Lakini anasema kabla ya kuingia Ford angedai magari yaitwe, na baada ya kutoka alifundisha hivyo hivyo. Alipokuwa ndani tu ndipo hakuona wajibu huo. Na Pinto aliyokuwa akiiendesha mwenyewe, alimuuzia dada yake.