Mineral King: kituo cha theluji cha Disney ambacho hakikujengwa

Juu ya mji mdogo wa Three Rivers, California, kuna bonde liitwalo Mineral King. Mwaka 1965 Idara ya Misitu ya Marekani ilitangaza zabuni ya kujenga kituo cha michezo ya kuteleza kwenye theluji huko. Kampuni ya Disney iliwashinda waombaji wengine kwa mradi wa dola milioni 35 uliolenga kupokea wageni 14,000 kwa siku. Haukujengwa, na sababu zinazotajwa mara nyingi si zenyewe.

Dhana: Mahakama ya Juu ndiyo iliyouzuia.
Hapana. Shauri la kuupinga mradi, lililofunguliwa Juni 1969 na Sierra Club, chama cha kutetea mazingira, lilianguka Aprili 19, 1972 kwa kura 4 dhidi ya 3. Mahakama haikuamua kama mradi ulikuwa halali au la. Ilisema tu kwamba chama hicho hakikuonyesha ni mwanachama gani ataumia na kwa vipi. Kulipenda bonde hakumpi mtu haki ya kushtaki. Ila tanbihi moja ya hukumu iliacha mlango wazi: hati ya madai ingeweza kurekebishwa. Ikarekebishwa, wakaongezwa watu wanaolitumia bonde lenyewe, pamoja na hoja ya sheria mpya ya mazingira iliyodai tathmini ya athari kabla ya ujenzi. Hapo miaka ikaanza kuyoyoma. Jaji Douglas, aliyetaka mito na mabonde yenyewe yaweze kuwa mlalamikaji mahakamani, alikuwa upande ulioshindwa. Maneno yake yamenukuliwa mno hata watu wakadhani ndiyo hukumu.

Dhana: Ulikufa pamoja na Walt Disney.
Walt alifariki Desemba 1966. Mpango wa mwisho uliidhinishwa Januari 1969.

Dhana: Disney iliishiwa pesa.
Kikwazo kikubwa kilikuwa barabara. Biashara ya theluji hutegemea wateja wa majira ya baridi, na njia ya Mineral King hufungwa majira hayo hayo. Ilihitajika barabara mpya ya kilomita 32 hivi, ya kujengwa na jimbo, na kipande chake kipite ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Sequoia, sambamba na nyaya za umeme mkubwa. Baadaye jimbo likajitoa. Hoteli isiyofikika Januari ni ghala tu.

Dhana: Bonde lilikuwa halijaguswa.
Wachimba madini ya fedha walilivamia miaka ya 1870, na barabara yao ilifika mwaka 1879.

Dhana: Mradi unaweza kufufuliwa.
Mwaka 1978 Bunge la Marekani liliingiza bonde ndani ya hifadhi, na sheria hiyo inasema wazi kwamba miundombinu ya kudumu ya kuteleza milimani haiendani na uhifadhi wake.

Dhana: Siku hizi kufika ni rahisi.
Kutoka Three Rivers ni kilomita 40 zenye kona karibu 700. Tenga saa moja na nusu. Jaza tangi mjini, maana juu hakuna petroli. Mwanzoni mwa kiangazi kuna mamoti, wanyama wa jamii ya kindi wenye ukubwa wa paka, wanaotafuna mipira ya rejeta na nyaya. Hupandia chini ya gari, kwa hiyo kufunika boneti hakusaidii: wenyeji wa safari hizi hutandika turubai, huliendesha gari juu yake, kisha huinua kingo na kulifunga pande zote. Kabla ya kuwasha injini fungua boneti uchungulie, la sivyo unaweza kushuka mjini na abiria.